Kisima cha Rukia

Tulimzika Bwana Badi baada ya swala ya adhuhuri, katika makaburi ya Waislamu yaliyo nje kidogo ya DeSoto, na udongo tuliomfukia nao ulikuwa mweupe. Mgeni angedhani mafundi wamemwaga chokaa. Lakini sehemu ile ya kusini mwa Dallas ndivyo ilivyo: ukishapita nyasi na udongo mweusi wa juu, unakutana na mwamba mweupe, laini, unaoacha unga mkononi kama chaki ya ubaoni, na wachimba kaburi huuvunja kwa mashine kabla ya kulisawazisha kaburi kwa mikono. Nilitia konzi zangu, nikasoma niliyopaswa kusoma, nikarudi nyuma kuwapisha vijana wenye makoleo. Binti yangu, aliyeniendesha tangu alfajiri kutoka Pearland, alinipa chupa ya maji ninawe. Sikunawa. Niliutazama ule weupe ulioingia kwenye kucha zangu, nikaukumbuka mwaka ambao Bwana Badi na mimi tulirudi nyumbani jioni nyingi na viatu vyeupe hivyo hivyo, na mkewe, Bi Zuhura, akitufokea mlangoni kama watoto.

Kuhusu nilikozaliwa na nilivyofika Marekani sina jipya la kumwambia msomaji. Safari yangu ilifanana na za wengi. Nataka kuueleza mwaka huo mmoja tu. Nilikuwa tayari na mvi, nimefundisha Kurani na fikihi tangu ujana wangu Tanga, na nilijiona mtu aliyekwisha kufundwa. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kuniruhusu kuishi hadi nikaona kwamba bado. Msikiti wetu mdogo pale DeSoto ulikuwa umenialika kusomesha watoto, na kwa kuwa sikuwa na pa kulala, Bwana Badi alisema, "Maalim atakaa kwangu. Chumba kipo." Nilipofika ndipo nilipoelewa ni chumba gani. Kilikuwa cha binti yake, Rukia, aliyefariki mwaka uliotangulia kwa maradhi ya damu akiwa bado anasomea uuguzi. Walikuwa wamekitoa kitanda chake na kuweka kingine, wamepaka rangi ukutani, lakini chini ya dirisha viliachwa viatu vyake vyeupe vya kazini, vya mpira, vimekaa sawasawa kama vya mtu aliyeingia kuswali. "Hivyo viache hapo, Maalim," Bi Zuhura aliniambia siku ya kwanza. "Vikikuzuia njia, nambie. Lakini viache." Havikunizuia njia. Mwaka mzima nilivizunguka.

Bwana Badi alikuwa mtu wa Mombasa, mrefu, mkimya, aliyeendesha teksi kati ya uwanja wa ndege na Irving. Alitoka giza halijaisha, akarudi mchana amechoka, akala bila kuzungumza. Jumapili tu ndipo tulipokula kwa utulivu sote watatu: mahamri na mbaazi za nazi, chai ya tangawizi, na redio ya nyumbani ikitoka kwenye simu ya Bi Zuhura iliyoegemezwa kwenye bakuli la sukari. Siku hizo alizungumza, na alizungumza habari moja, kisima. Kwetu pwani mtu akifiwa, akijaliwa uwezo, humchimbia maiti wake kisima, ili kila atakayekunywa au kutawadha pale, thawabu zimfikie aliye kaburini. Walioko Marekani hutuma fedha nyumbani kikachimbwe kijijini, wakaletewa picha. Bwana Badi alikataa. "Nichimbe kisima mahali nisipokiona?" alisema. "Ntajuaje kama chatoa maji? Ntajuaje kama watu wanakunywa?" Basi, kabla sijafika, alikwisha kukichimba msikitini, nyuma ya maegesho ya magari, ingawa maji ya mji yalikuwepo ndani tangu zamani. Akaunganisha pampu, akajenga mahali pa kutawadhia penye mabomba na vigoda vya zege, na kibao kidogo chenye jina la bintiye.

Kila Ijumaa, kabla ya adhana, alisimama karibu na mabomba yale amefunga mikono nyuma, akiangalia watu wakitawadha. Alikuwa hawasalimii wala hawahimizi. Midomo yake ilitikisika kila mtu alipofungua maji, akimtaja bintiye. Wageni walidhani ni mlinzi. Na kwa kuwa tumefundishwa kwamba hata mmea unaonyweshwa una malipo, aliomba kamati iunganishe kisima na vinyunyizio vya bustani. Wakaunganisha. Nyasi za msikiti zikawa kijani kuliko za jirani yeyote, na waumini wakaona raha, wakapanda waridi, wakapanda mikomamanga, wakazidisha kumwagilia ili thawabu za Rukia zizidi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Nimeyafikiria haya mara nyingi, na bado naona hakuna kosa lililowahi kufanywa kwa upendo mwingi kama lile.

Nyuma ya msikiti, chini ya ukingo, kulikuwa na kijito. Nilipofika nilidhani ni mtaro. Chini kilikuwa na ule mwamba mweupe, tambarare kama sakafu, umechanika nyufa, na kikavu, isipokuwa madimbwi machache yenye vifuniko vya plastiki na majani yaliyooza. Majira ya kuchipua alikuja dada mmoja Mtanzania, Neema, Mkristo kutoka Iringa, mhandisi wa maji aliyekuwa akishirikiana na majirani wanaojaribu kukifufua kijito kile. Alivua viatu mlangoni, akatuamkia wazee mmoja mmoja, "Shikamoo, shikamoo," akakaa kwenye chumba cha chai amelaza ramani magotini. Mwenyekiti wetu, Hamisi, mtu wa Dar es Salaam asiyeweza kuacha utani hata msibani, alimwambia, "Mhehe na maji ya udhu wapi na wapi, mwanangu?"

"Mzee, sisi ndio wenye Ruaha," Neema akajibu. "Nyinyi wa Dar mnasubiri maji yetu yafike bwawani ndiyo muwashe taa."

Chumba kizima kilicheka. Bwana Badi naye alitabasamu, na nadhani hilo lilikuwa tabasamu la mwisho nililoliona kwake mwaka ule. Maana Neema alikunja ramani, akasema taratibu, "Lakini Ruaha yenyewe nimeiona ikikauka, wazee wangu. Nilikuwa mdogo, baba akatupeleka. Viboko wamejazana kwenye dimbwi moja la tope, wanapigania pa kulala. Watu wa juu walikuwa wanamwagilia mpunga. Walikuwa watu wazuri tu." Kisha akatueleza. Chini yetu, alisema, mwamba ule mweupe unanyonya maji ya mvua na kuyaachia polepole kupitia nyufa. Ufa mmoja mkubwa ulikuwa ukitokea kwenye ukingo, chini kidogo ya maegesho yetu, na hiyo ndiyo ilikuwa chemchemi ya kijito. Majirani wazee walikuwa na picha za watoto wao wakikamata kamba wa mtoni pale. Maji yalitoka hata kiangazi, baridi, maangavu, na samaki wadogo walikimbilia hapo joto likizidi. Chemchemi ilikauka msimu uleule kisima chetu kilipoanza kufanya kazi. "Kisima chenu kimeingia ndani ya ufa wenyewe," alisema. "Kinachopanda kwenye bomba ndicho kilichokuwa kinashuka kijitoni."

Hamisi aliangalia kikombe chake. Bwana Badi aliinuka, akamwambia Neema kwa adabu, "Asante mwanangu, umefanya kazi nzuri," akatoka nje, na kupitia dirishani nilimwona akipangusa kwa kiganja kibao chenye jina la bintiye, ingawa hakikuwa na vumbi.

Kamati ilinigeukia mimi. Mwalimu wa dini ndiye wa kuulizwa: je, wakfu wa maiti unaweza kufungwa kwa ajili ya samaki? Niliwaomba muda. Katika madhehebu yetu wakfu haubadilishwi kwa wepesi, na hilo nilikuwa nimelisomesha maisha yangu yote kwa sauti ya mtu asiyewahi kulipa gharama yake. Nilijifungia katika chumba cha Rukia na vitabu vyangu vichache. Nikasoma habari za kutodhuru, nikasoma haki za wenye maji ya chini, nikasoma kuhusu wanyama na kiu yao. Kila ukurasa ulinifikisha mahali, na kila nilipoinua macho viliniangalia vile viatu. Mchana mmoja, nikiwa hivyo, nilisikia mazungumzo jikoni. Kuta za nyumba zile ni nyembamba.

"Kile kisima si mtoto, Baba Rukia."

Kijiko kilikuwa kikizunguka ndani ya kikombe. Kikasimama.

"Basi ni nini?" Bwana Badi akauliza.

Nilisikia Bi Zuhura akifungua bomba la jikoni, akafunga, akafungua tena. Nikafunga kitabu. Nilielewa kwamba hukumu nitakayoitoa itaangukia watu wawili hawa kabla ya kumwangukia samaki yeyote, na kwamba nikisema haraka nitaonekana nimesoma tu. Niliiambia kamati tuanze na jambo jepesi, tusimamishe kumwagilia bustani, udhu uendelee. Bwana Badi alikubali kwa kichwa.

Kiangazi cha Texas hakina huruma kwa kitu kisichomwagiliwa. Nyasi zikawa njano, kisha kahawia, waridi zikadondosha majani. Jioni moja nilimkuta amechuchumaa katikati ya bustani ameshika nyasi kavu. "Angalia, Maalim," alisema. "Mwanangu anyauka." Niliketi karibu naye, suruali yangu ikajaa vumbi jeupe, tukakaa hadi adhana. Kesho yake aliniomba nishuke naye kijitoni. Sijui alitaka kuona nini. Labda alitaka kuhakikisha kwamba hakuna kitu pale kinachostahili gharama ile. Lakini kwenye dimbwi la mwisho, chini ya mizizi ya mti uliopinda, kulikuwa na samaki wadogo, wengi, wamebanana, midomo juu ya maji wakitafuta pumzi. Yangeyange wawili walisimama pembeni, weupe kama mwamba, wakiokota mmoja baada ya mwingine bila haraka. Bwana Badi aliwafukuza. Wakaruka, wakatua hatua chache mbele, wakarudi. Akawafukuza tena. Mwisho alipanda ukingoni akihema, akarudi na ndoo mbili za maji kutoka kwenye bomba la Rukia, akazimwaga.

Tulifanya hivyo jioni nyingi. Wazee wawili, ndoo mikononi, tukishuka ukingo kwa kushikana. Hamisi alitupigia kelele kutoka juu, "Jamani, nyinyi mtawazika hao samaki au wao ndio watawazika nyinyi?" na siku nyingine alishuka naye na ndoo yake, amekunja suruali ya ofisini. Maji tuliyomwaga yalizama kwenye nyufa tukiyaangalia. Dimbwi lilipungua hata hivyo, na asubuhi moja tulikuta tope lenye magamba yanayong'aa na nyayo za ndege. Bwana Badi aliigeuza ndoo yake, akaketi juu yake.

Neema alipopata habari alikuja nyumbani, akamwomba jambo moja, pampu izimwe kabisa kwa muda, kama jaribio tu, yeye aangalie ufa. "Nikikosea, Baba, nitakuja mwenyewe niiwashe," alisema. Bwana Badi akampa ufunguo wa kibanda cha pampu kwa mkono wa kulia, kama mtu anayetoa amana. Ijumaa ile watu walitawadha ndani, kwa maji ya mji, na yeye hakuja. Alisema ameswali Irving, karibu na uwanja wa ndege. Ijumaa iliyofuata vilevile. Mahali pa kutawadhia pakawa pakavu, vigoda vikajaa majani, na watoto wangu wa darasa walipita pale wakikanyaga kwa uangalifu bila kuambiwa.

Kisha, Jumapili, tukiwa mezani, Neema alibisha hodi akiwa na buti za matope. Bi Zuhura alimlazimisha kukaa, akamwekea mahamri. Aliuma moja, akaliacha sahanini. "Baba," alimwambia Bwana Badi, "naomba twende. Mama na wewe, na Maalim."

Ukingoni, chini ya maegesho, mwamba ulikuwa unatoka jasho. Ndivyo nilivyoona mwanzoni, weupe umegeuka kijivu mahali palipolowa. Kisha nikauona uzi wa maji, mwembamba, ukitoka ufani na kuteremka juu ya jiwe bila sauti. Mvua haikuwa imenyesha majuma mengi. Bwana Badi alivua viatu na soksi. Aliketi, akakinga kiganja, akangoja kijae. Kilichukua muda. Akanawa mikono, akasukutua, akaosha uso, akaendelea hadi miguuni, udhu kamili, taratibu, kwa maji yaliyomtoka kiganjani haba haba, na sisi watatu tukasimama juani. Alipomaliza hakuinuka.

"Ndiyo yaleyale?" aliuliza.

"Ndiyo yaleyale, Baba," Neema akajibu.

Akanigeukia mimi. "Maalim. Nambie kama ulivyosoma. Mfereji wa kisima ukifungwa, haya yakatoka hapa, akaja ndege akanywa. Rukia yuwapata?"

Nilimwambia nilichokuwa nimekifikia katika vitabu na katika kile chumba, kwamba alichokiweka wakfu ni maji, tundu lilikuwa njia tu ya kuyafikia. Kwamba maji hayatoki katika wakfu kwa kuyaacha yaende yanakohitajiwa zaidi. Na kwamba tumefundishwa kuwa kumnywesha kiumbe chochote kilicho hai kuna malipo.

Alinitazama usoni. "Wanifariji au wanifundisha?"

"Nakufundisha," nilisema. "Kukufariji sina uwezo."

Aliinamisha kichwa. Bi Zuhura alishika bega lake, akasema, "Basi kifunge wewe mwenyewe, Baba Rukia. Kisifungwe na mtu mwingine."

Wanaojua kazi ile walikuja na gari lao, wakatoa pampu na mabomba, wakatayarisha udongo wa mfinyanzi na saruji wa kujaza tundu. Bwana Badi aliwaomba wasubiri. Alipiga magoti, akachota udongo kwa mikono, akautia ndani, akachota tena, akachota tena, kama tunavyofanya kaburini. Kisha akainuka, akarudi nyuma kuwapisha. Fundi mmoja alivua kofia yake bila kuelewa. Kibao chenye jina hakikubandikwa popote. Bi Zuhura alikipeleka nyumbani, akakiweka chini ya dirisha, kando ya viatu.

Ningependa kuandika kwamba kijito kilijaa. Hakikujaa. Majirani waliacha kufyeka kingo, wakapanda majani ya asili, wakaondoa zege la zamani lililoziba njia, na majira ya baridi maji yalipita pale, kiasi cha kufunika kifundo cha mguu, maangavu juu ya jiwe jeupe. Neema alituonyesha vidudu vya majini vilivyojijengea nyumba za vijiwe, akifurahi kama mtu aliyeletewa habari za uzazi. Kereng'ende walirudi. Samaki walirudi wachache. Lakini juu zaidi nyumba mpya zilikuwa zinajengwa, kila moja na vinyunyizio vyake, na kuna viangazi ambavyo uzi ule hubaki uzi tu. Kwa Bwana Badi nafuu sikuiona. Aliswali, alikula, alifanya kazi. Mwaka wangu ulipoisha, binti yangu, aliyekuwa amepata kazi hospitalini Houston, alinichukua nikaishi naye Pearland. Bwana Badi alinikumbatia mlangoni akasema, "Tuombeane, Maalim." Katika simu zetu zote zilizofuata hakukitaja kisima tena, nami sikumuuliza. Nilibaki nikijiuliza kama maneno yangu yalimtosha, au aliyakubali kwa heshima tu.

Jana, baada ya mazishi, tulikula msikitini. Pilau ilikuwa nzuri, na Hamisi alijaribu kutania akashindwa. Neema alikuwepo, amejifunga kanga kichwani, akipokea sahani dirishani pamoja na wanawake. Bi Zuhura aliniita pembeni. "Shuka kijitoni, Maalim, kabla hujaondoka. Kuna kiti chake."

Kilikuwepo kweli, kiti cha plastiki, miguu yake imezama kidogo katika ukingo, kinatazama ufa. Kilipauka kwa jua la miaka. "Kila Ijumaa," Bi Zuhura alikuwa ameniambia, "kabla ya adhana. Alikuwa akija, akikaa, aangalia nani anywa. Miaka yote hiyo."

Niliketi. Mwaka huu kiangazi ni kikali, na maji yalikuwa machache mno, utepe unaong'aa kwenye jiwe, unaoishia kwenye kidimbwi kisichozidi sinia. Niliwangoja ndege. Hakuja hata mmoja. Binti yangu alikuwa juu ya ukingo, garini, na safari ya kurudi Pearland ni ndefu, naye ana zamu alfajiri. Nilikuwa nimeshika mikono ya kiti ili niinuke, alipokuja nyigu. Alitua kwenye ukingo wa kidimbwi, akatembea hadi mahali jiwe lilipolowa, akainamisha kichwa, akanywa.

Nikatikisa midomo. Nikamtaja Rukia, kama alivyokuwa akifanya. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kulisema, nikaongeza jina la baba yake.